Kabla ya Taj Mahal, shukeni Ahmedabad

Sisi wa Afrika Mashariki tunaosoma India tuna desturi moja: likizo ikifika, kila mtu Agra. Picha mbele ya Taj Mahal ikishapatikana na kutumwa nyumbani, basi India imeonekana. Siwalaumu, jengo lile ni zuri na kila mtu ana haki ya kulifuata. Lakini Desemba iliyopita mimi na wenzangu tuliamua mapumziko yetu yaishie hukuhuku tunakosoma, jimbo la Gujarat, katika mji wa Ahmedabad, na toka tumerudi sijaacha kuwaambia watu: katikati ya mji ule kuna msikiti mdogo uliojengwa na mtu wa asili ya Afrika, na dirisha la msikiti huo ndilo alama ya mji mzima. Wengi wetu tunapita hapo tukibadilisha treni, tunanunua chai kwenye jukwaa la stesheni, tunaondoka bila hata kujua.

Tulikuwa kundi dogo. Mimi wa Morogoro, dada mmoja wa Mombasa anayesomea famasia, kaka wa Unguja anayesomea usanifu majengo, na mwenzetu wa darasani ambaye ni Mgujarati na ana mama yake mdogo Ahmedabad. Huyu wa mwisho sote tunamwita Bhai, hata walimu. Kutoka Vadodara, mji tunakosoma, ni kama kilomita 100 tu. Ukipanda treni ya alfajiri, saa mbili asubuhi uko stesheni ya Kalupur ukizungukwa na madereva wa bajaji, kila mmoja akikuhakikishia kwamba yeye ndiye wa bei nafuu.

Bhai akakataa bajaji zote. Akasema mji mkongwe hauonekani ukiwa umekaa. Manispaa ya Ahmedabad ina matembezi yake ya asubuhi yaliyoanza mwaka 1997, yanayoanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur na kuishia Msikiti wa Ijumaa. Hekalu hilo lilifunguliwa mwaka 1822 na ndilo la kwanza la madhehebu hayo duniani. Nguzo zake za mbao zimepakwa rangi kali, na uani wanawake walikuwa wakipanga maua ya sadaka kwenye sinia. Hatukukaa sana, maana mwongozaji alikuwa na haraka ya kutuingiza kwenye vichochoro, na alikuwa na haki.

Ahmedabad ilianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati. Ukuta wa mji umebomolewa sehemu kubwa, lakini malango kadhaa bado yamesimama na magari yanapita kando yake. Mwaka 2017 UNESCO iliuandika mji huu mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ukawa mji wa kwanza wa India kupata heshima hiyo. Kwetu, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha hiyo mwaka 2000, Lamu mwaka 2001.

Kilichoupa mji heshima hiyo, pamoja na misikiti na makaburi ya masultani, ni pol. Pol ni mtaa uliojifunga wenyewe. Unaingilia lango la mbao, halafu kichochoro kinaanza kujikunja, nyumba zimebanana kiasi kwamba ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta za pande zote mbili, na juu roshani zimetokeza hadi jua linafika chini vipandevipande. Zamani watu wa ukoo mmoja, dini moja au kazi moja waliishi pol moja, na usiku lango lilifungwa. Kuna vichochoro ambavyo mgeni angeapa vimeishia ukutani, kumbe mlango mdogo pale mwisho unakutoa pol ya pili. Langoni kuna ubao mweusi wa matangazo ya mtaa, yameandikwa kwa chaki. Katikati ya uwanja kuna chabutro, nguzo ndefu yenye kibanda cha nakshi juu yake, na kibanda hicho si cha mtu bali cha ndege. Mwongozaji alitueleza kwamba watu walipokata miti ili wajenge, waliona hawana budi kuwatafutia ndege pa kutua na pa kula. Mpaka leo nafaka huwekwa pale kila asubuhi. Tuliona kasuku wa kijani wameshika zamu.

Kwenye baraza la nyumba moja alikuwa amekaa bibi mzee akiambua mbaazi mbichi, sinia mapajani. Msimu wa baridi Gujarat nzima inakula mbaazi mbichi. Bhai akamwamkia, akamwita Ba, akainama kumgusa miguu kama ilivyo heshima yao. Bibi akatutazama sote kwa zamu, akauliza tumeshakula, kisha akasimama na kutuingiza ndani.

Ndani kulikuwa na ua mdogo ulio wazi juu, vyumba vyote vikiutazama. Akatuonyesha mfuniko wa chuma sakafuni. Chini yake ni tangi la maji ya mvua, limejengwa pamoja na nyumba, zaidi ya miaka mia iliyopita. Maji yanatoka paani kwa bomba. Mvua ya kwanza ya msimu haikingwi, huachwa ioshe paa na iende zake. Inayofuata ndiyo huingizwa tangini, na maji hayo hukaa gizani bila kuharibika mpaka mvua za mwaka mwingine. Akateka kwa kata ya shaba iliyofungwa kamba, akatumiminia viganjani. Yalikuwa baridi, hayana ladha yoyote ya udongo. Dada wa Mombasa, ambaye kwao maji ya mfereji huja siku yanapotaka, alirudi kulitazama tangi lile na kumuuliza Bhai maswali mpaka Bhai akaishiwa majibu na kumgeukia bibi.

Kaka wa Unguja yeye alikuwa bado mlangoni. Alikuwa anapapasa mkono wa mbao unaobeba roshani, umechongwa maua na kasuku, akatuita: "Yakhe, njooni muone, hapa ni Hurumzi!" Hurumzi ni mtaa wa Mji Mkongwe, Unguja. Na kweli. Tofauti ni kwamba pale kwetu tumezoea kusema hii kazi ni ya Kihindi na kuishia hapo, wakati huku unaweza kuonyesha kidole. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walijaa Unguja. Tharia Topan, tajiri aliyetoka Kutch, ndiye aliyeanzisha ujenzi wa lile jengo la zahanati ya zamani pale Malindi miaka ya 1880, lenye roshani ambazo kila mtalii anazipiga picha. Ile milango ya mraba ya Mji Mkongwe yenye mbao za kukunja, tunayoiita ya Kigujarati, ndugu zake wako hapa, wamesimama kwenye pol, na watu bado wanaifungua asubuhi na kuifunga usiku.

Au si wote. Nyumba nyingi tulizopita zina kufuli. Vijana wanataka maegesho na lifti, wamehamia ng'ambo ya mto. Nyumba imebaki na warithi kumi wasioelewana, mbao zinaliwa na mchwa. Nyingine zimegeuzwa bohari za nguo na karatasi. Kaka wa Unguja aliliangalia hilo kwa uchungu wa mtu aliyeshuhudia sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, ikianguka Desemba 2020. Alisema heshima ya UNESCO haibadilishi boriti iliyooza, na kwamba jengo la zamani linaokolewa na mtu anayelala ndani yake. Nakubaliana naye. Nyumba ya yule bibi ilikuwa nzima kwa sababu bibi yumo.

Msikiti wa Ijumaa ulikamilika mwaka 1424. Una nguzo 260 na kuba 15, na ukiingia ukumbi wa sala nguzo ndizo zinazokutawala, kila upande ukigeuka ni msitu wa mawe. Minara yake mirefu iliangushwa na tetemeko la mwaka 1819. Jirani kuna kaburi la Ahmad Shah mwenyewe na ng'ambo kidogo makaburi ya malkia zake, Rani no Hajiro, ambayo yamezungukwa pande zote na soko la nguo za kike. Dada wa Mombasa aliingia humo kutafuta sketi ya kuchezea ngoma za Navratri, sikukuu ya Wahindu, yenye vioo vidogovidogo, na sisi wengine tukakaa kwenye ngazi kumsubiri. Aliipata kwa nusu ya bei ya kwanza. Kubembeleza bei kwa mtu wa Marikiti, soko la Mombasa, hakuhitaji Kigujarati.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Msikiti wa Sidi Saiyyed uko karibu na Lal Darwaza, barabara zimeuzunguka, magari hayanyamazi. Ukiupita kwa basi unaweza usiuone. Ni mdogo, matao matano kwa mbele, hauna ua mkubwa wala mapambo ya kuita macho. Ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, ule mwaka hasa ambao Akbar, mfalme wa Mughal, aliitwaa Gujarat na usultani ukafika mwisho. Aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa Habshi, jina walilopewa watu waliotoka Ethiopia na pande za Afrika Mashariki, na alikuwa katika utumishi wa wakuu wa jeshi la sultani wa mwisho.

Ingia, kisha utazame ukuta wa magharibi. Juu ya ukuta kuna madirisha ya nusu duara, na madirisha hayo hayana kioo wala mbao, ni jiwe la mchanga lililotobolewa. Wenyewe wanayaita jali. Kwenye dirisha moja mti unaota kutoka chini, shina linapanda kwa mikunjo, matawi yanatawanyika, yanapindana, yanarudi ndani, na katikati yake mtende umenyooka. Hakuna jani lililoachwa kizembe. Nililifuata tawi moja kwa macho kutoka shinani, likapita chini ya lenzake, likapanda juu, likajigawa, nikalipoteza, nikaanza tena. Jiwe lililobaki kati ya tundu na tundu ni jembamba kiasi cha kukutia wasiwasi, na limekaa hivyo kwa miaka 450, pamoja na lile tetemeko lililoangusha minara ya Msikiti wa Ijumaa. Kaka wa Unguja alivua kofia yake ya viua, kofia aliyoshonewa na shangazi yake, akaiinua ielekee mwangaza karibu na dirisha. Tundu kwa tundu, ua kwa ua. Alisema fundi wa kofia na fundi wa jiwe lile wangeelewana bila mkalimani.

Dirisha la kati, nyuma ya mihrabu, limezibwa kwa jiwe tupu. Macho yanafika pale yanakwama, halafu unayarudia ya pembeni kwa hamu zaidi.

Mti ule sasa uko kila mahali. Chuo cha Usimamizi cha India kilichoko Ahmedabad, kilichoanzishwa mwaka 1961, kilichukua nembo yake kutoka hapo. Umeshonwa kwenye mifuko, umechongwa kwenye mbao za zawadi, umepigwa chapa kwenye kalenda. Septemba 2017 Waziri Mkuu Narendra Modi alipompokea Waziri Mkuu wa Japani Shinzo Abe mjini humo, alimleta hapa. Zamani hizo utawala wa Waingereza uliufanya msikiti huu ofisi ya serikali kabla haujarudishiwa hadhi yake. Mji wa mamilioni ya watu, wenye mahekalu ya marumaru na viwanda vya pamba vilivyouletea utajiri tangu mwaka 1861, ulipotaka kujitambulisha kwa dunia ulichagua dirisha la Mwafrika.

Hili lina uzito kwangu. Mwafrika anayeishi India huulizwa karibu kila siku ametoka wapi, na mara nyingine huulizwa kwa namna ya kumkumbusha kwamba ni mpita njia. Mwenye nyumba anasitasita, kiti cha jirani kwenye basi kinabaki wazi. Ukizoea hayo unaanza kuamini kwamba kweli wewe ni mgeni wa jana, kwamba hakuna aliyekutangulia. Nilisimama chini ya ule mti wa mawe nikasema kumbe sivyo. Watu wetu wamevuka bahari hii kwa karne nyingi. Wengi mno waliletwa kwa nguvu, wakiwa watumwa, na hilo halifai kufunikwa kwa uzuri wa dirisha. Lakini walikuwepo pia mabaharia, wafanyabiashara, askari na majemadari. Malik Ambar, mzaliwa wa Ethiopia aliyeuzwa utumwani, alifika kuongoza dola huko Deccan, nyanda za kusini mwa India, na kulizuia jeshi la Mughal kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka 1626.

Wazao wao wapo mpaka leo, wanaitwa Sidi, na Gujarat ni moja ya makazi yao makubwa. Tulipotoka msikitini tulivuka barabara kunywa chai. Muuza chai akamsemesha dada wa Mombasa Kigujarati cha harakaharaka, na alipoona hajibiwi akamuuliza Bhai kama huyu dada si Sidi wa Jambur. Jambur ni kijiji cha Masidi karibu na msitu wa Gir, wanakoishi simba wa Asia. Bhai akamweleza kwamba anatoka Kenya. Muuza chai akacheka, akasema basi ni jamaa tu, walikawia kupanda jahazi. Akakataa pesa ya kikombe chake. Dada alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu aje India mtu kumkosea kwa kumdhania ni wa hapa.

Kesho yake mama mdogo wa Bhai, tuliyefundishwa kumwita Masi, alitutafutia gari kwenda Adalaj, kilomita 18 hivi kaskazini. Kuna kisima cha ngazi kilichokamilika mwaka 1499. Hadithi yake Masi alituhadithia njiani: Rana Veer Singh alianza kukichimba, akauawa vitani na Sultani Mahmud Begada, sultani akamtaka mjane, Rani Rudabai, naye akakubali kwa sharti kwamba kisima kikamilishwe kwanza. Kilipokamilika akazunguka akiomba, akajitupa majini. Ukweli wake kila mtu ana wake. Kisima chenyewe kinashuka ghorofa tano ardhini, ngazi tatu za juu zinakutana kwenye uwanja wa kwanza, halafu unateremka kati ya nguzo zilizochongwa tembo, maua na wanawake wakisukasuka maziwa. Kila ghorofa joto linapungua mwilini. Msanifu wetu alihesabu mihimili. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikawaza juu ya wanawake waliokuja hapa na mitungi, wakapata kivuli na mazungumzo kabla ya kupanda tena juani. Msanii wa kisima alijua kuchota maji ni kazi, akaipamba.

Ashram ya Sabarmati nitaitaja kwa ufupi kwa sababu imeandikwa na kila mtu. Gandhi aliishi hapo toka mwaka 1917, baada ya miaka yake mingi Afrika Kusini, na tarehe 12 Machi 1930 akatoka kwa miguu kwenda Dandi kuchukua chumvi ya bahari ambayo Waingereza waliitoza kodi. Chumba chake ni kidogo, kina meza ya chini na gurudumu la kusokotea uzi. Kando ya mto watoto walikuwa wakijaribu tiara, maana Januari 14 ni sikukuu ya Uttarayan na anga lote la Ahmedabad hujaa tiara.

Usiku tulirudi mji mkongwe kula Manek Chowk. Mchana uwanja huu ni wa masonara. Wakifunga maduka, saa tatu usiku, meza na majiko yanaingia. Karibu chakula chote ni cha mboga. Pav bhaji ilipikwa mbele yetu kwenye sahani pana ya chuma, viazi na nyanya vikipondwa na kipande cha siagi ambacho kingetosha familia wiki nzima, na mkate ukachomwa humohumo. Kisha kulfi, aiskrimu yao ya maziwa. Sandwichi yao ya nanasi, jibini na chokoleti tuliiagiza kwa sababu Bhai alisisitiza, na dada wa Mombasa akaimaliza peke yake. Masi, ambaye alikuja kuhakikisha tunakula, alikuwa akiongeza mkate kwenye sahani zetu kila tulipotazama pembeni.

Pale mezani ndipo safari ijayo ilipopangwa. Tunataka kwenda Ratanpur, wilaya ya Bharuch, kwenye dargah, yaani kaburi linalozuriwa, ya Bava Gor, walii wa Kiafrika anayesimuliwa kuwa mfanyabiashara wa akiki, anayezuriwa na Waislamu na Wahindu pamoja. Shanga za mawe ya nchi ile zilipitia bandari ya Khambhat na zimechimbuliwa mpaka Kilwa. Kisha Jambur, kwa Masidi wenyewe, nyumbani kwa Hirbai Lobi, mwanamke wa Kisidi aliyetunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 2023 kwa kazi yake ya kuwainua wanawake wa jamii yake. Dada wa Mombasa ameshamwandikia binti mmoja wa huko aliyeunganishwa naye na yule muuza chai. Wanaotaka kuungana nasi wajitokeze mapema, maana lazima twende kabla ya Machi. Baada ya hapo joto la Gujarat linapanda kuelekea nyuzi 40, na kutembea mchana kunakuwa hakuwezekani.